Bei na Thamani: Sanaa Nje ya Soko

Maneno *bei* na *thamani* yote yana asili ya Kiarabu, tena katika msamiati wa biashara. Hata hivyo, Waswahili wameyatenga: twasema kuwa utu una thamani, wala hakuna asemaye kuwa una bei. Tofauti hii yafaa kuzingatiwa katika uhakiki wa sanaa. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha mnamo 1858, hakuwa akiuza kitu. Utendi huo ulienea kwa kughaniwa na kunakiliwa kwa hati za Kiarabu. Leo ni ushahidi wa lahaja ya Kiamu na chimbuko la mjadala juu ya nafasi ya mwanamke. Basi anayeuliza ushairi unalipa kiasi gani ameuliza swali la soko. Swali la jamii ni hili: bila huo, tungekosa nini?