Megaloprepes: ukubwa unaofaa



Katika somo la maadili kuna kivumishi kimoja cha Kigiriki kilichonisumbua wiki nzima: megaloprepes. Kwanza nilikiandika “-a kifahari”, kisha nikafuta. Kwetu cha kifahari ni gari, ni hoteli, ni jumba lenye geti refu. Tunamfikiria mwenye mali anavyostarehe. Lakini neno hili lina sehemu mbili: mega, yaani kubwa, na prepei, yaani inafaa. Ni ukubwa unaolingana na jambo lenyewe.

Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako, humwita hivyo mtu wa ukoo na mali anayegharimia sadaka kwa miungu, merikebu ya kivita, au karamu ya mji mzima. Hutoa kwa ajili ya wote, si kwa ajili yake. Tena anasema (hapa nilicheka) kwamba mpira mzuri ni zawadi ya fahari kwa mtoto, ingawa bei yake ni ndogo. Asiye na kipimo ni yule anayewaandalia wenzake wa chama chakula cha kawaida kana kwamba ni harusi, ili waone ana mali.

Kwa Aristotle maskini hana nafasi hapa. Akijaribu, ni mpumbavu. Mtakatifu Thoma wa Akwino hakuishia hapo. Katika Summa Theologiae (II-II, swali la 134) anafundisha kwamba tendo kuu la fadhila ni uchaguzi wa ndani, na fedha ni chombo tu. Basi hata maskini anaweza kuwa nayo.

Katika Agano Jipya kivumishi hiki kimo mara moja tu, 2 Petro 1:17, nasi tunasoma “utukufu mkuu”. Mwenye utukufu huo ni Mungu.

Nyumbani wameshaanza kuhesabu ng’ombe wa Misa yangu ya shukrani, nami ningali katika falsafa! Mama mdogo anataka mahema na mpiga video. Baba anafikiria kuuza kipande cha shamba. Jumuiyani kwetu yuko bibi mmoja aliyedarizi kitambaa cha altare kwa mkono wake, miezi mingi, kwa nyuzi za kuungaunga. Nimempigia baba simu nikamweleza habari za bibi huyo na za mpira wa mtoto. Amesema atafikiri.