Fedha: Mtumishi au Bwana?

Kila mmoja wetu anatumaini kupata kazi na mshahara. Je, fedha itatutumikia, au sisi tutaitumikia?

Mtume Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba fedha ni mbaya. Alimwonya juu ya kuipenda.

John Wesley (1703–1791), mhubiri wa Uingereza, alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford, na wengi huamini kuwa ndiye yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza kijana huyo alipata pauni 30. Akatumia 28, akatoa 2 kwa maskini. Mwaka wa pili alipata 60, wa tatu 90, wa nne 120. Matumizi yake yalibaki 28 zile zile. Basi mwaka wa nne alitoa pauni 92.

Siri yake ni nini? Alijua kiasi kinachomtosha, na mapato yalipozidi hakukibadili. Sisi, mshahara ukipanda, tamaa hupanda nao, na karo ya mdogo wetu hungoja.

Basi, mwanafunzi, andika leo kiasi kitakachokutosha. Nanyi mliokwisha kutoka shuleni, hesabu zenu zasemaje?