Mtayarishaji na Mwongozaji wa Vichekesho vya Televisheni

Watahiniwa wengi huandika kana kwamba mtayarishaji na mwongozaji ni mtu mmoja, na hapo hupoteza alama. Mtayarishaji hushughulikia fedha, watu, ratiba na umiliki wa kipindi. Mwongozaji huamua mchezo uigizwe vipi na kamera ione nini.

Chukua kipindi cha I Love Lucy, kilichoanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1951. Wakati huo vichekesho vingi vilirushwa moja kwa moja kutoka New York. Lucille Ball na mumewe, Desi Arnaz, walitaka kubaki Hollywood na kurekodi kwa filamu. Gharama ilipanda; wakakubali kupunguziwa malipo, mradi kampuni yao, Desilu, imiliki filamu hizo. Huo ni uamuzi wa utayarishaji, nao ulifanya kipindi kiweze kurudiwa miaka na miaka.

Kazi ya mwongozaji, Marc Daniels katika msimu wa kwanza, ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Watazamaji walikaa studioni, na mtu hacheki vilevile akisikia mzaha mara ya pili. Kwa hiyo kamera tatu zilirekodi kwa pamoja. Aliyetoa mzaha na aliyeduwaa kwa kuusikia walinaswa kwa wakati uleule. Na mara nyingi kicheko hutokana na uso wa huyu wa pili. Waigizaji nao husubiri kicheko kipungue, la sivyo maneno yanayofuata hayasikiki.

Zoezi: Chagua onyesho moja la kuchekesha katika tamthilia uliyosoma. Eleza kamera tatu ungeziweka wapi, na kwa nini. (Alama 6)