Ukoo wa Johann Friedrich na Boma la Karema

Msafiri ashukaye kutoka Mpanda mpaka Ziwa Tanganyika hufika Karema. Hapo, mwezi wa Agosti 1879, Mbelgiji mmoja, Cambier, alianza kujenga boma kwa niaba ya shirika lililoundwa na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji. Mwaka 1885 Mapadre Weupe wakakabidhiwa boma hilo, na wengi hukumbuka habari zao tu. Lakini sisi Walutheri tunayo sababu ya kuuliza: Leopold huyo alikuwa mtoto wa nani? Ukoo wake ulitoka Udachi, yaani Ujerumani, nao twaujua tangu darasa la kipaimara.

Mwaka 1485 ndugu wawili, Ernst na Albrecht, waligawana nchi ya Saxony. Ernst akafa mwaka uliofuata, akatawala mwanawe Friedrich, aitwaye Mwenye Hekima, ndiye aliyemficha Dakt. Luther katika ngome ya Wartburg. Friedrich hakuoa; alipokufa 1525 nduguye Johann alitawala mahali pake, na tangu 1532 Johann Friedrich, mwana wa Johann. Huyu alishindwa vitani na Kaisari Karl wa Tano pale Mühlberg, tarehe 24 Aprili 1547. Akahukumiwa kufa, kisha akasamehewa kifo, lakini cheo chake na sehemu kubwa ya nchi vikapewa Moritz wa ukoo wa Albrecht, naye Mlutheri vilevile! Miaka mitano Johann Friedrich alikaa kifungoni. Alipotakiwa akubali maagizo ya Kaisari juu ya dini, 1548, alikataa. Akafa 1554, akiwaachia wanawe nchi ndogo.

Nchi hiyo ikazidi kukatwa, maana desturi yao ilikuwa kila mwana apate fungu. Kitukuu chake, Ernst wa Gotha, ambaye 1642 aliagiza watoto wote wasome shule, aliacha wana saba, nao wakagawana 1680. (Wenye shamba la baba mmoja watalielewa jambo hili bila maelezo.) Wa mwisho alipata Saalfeld, uzao wake ukapata Coburg. Huko alitawala Franz, aliyekufa 1806 akiacha madeni.

Basi walichokosa katika ardhi walikipata katika ndoa na viti vya ugenini. Leopold, mwana wa Franz, alifanywa mfalme wa Wabelgiji 1831. Yeye alibaki Mlutheri mpaka kufa kwake 1865, bali watoto wake walilelewa katika kanisa la Roma. Mwanawe, Leopold wa Pili, aliishika Kongo kama mali yake binafsi tangu 1885 hata 1908. Ng'ambo ya ziwa letu watu walilazimishwa kugema mpira, wengine wakakatwa mikono. Tukimsifu Johann Friedrich mbele ya vijana, na huyu tusimfiche: walirithishana damu, si ungamo. Mwana wake wa pekee wa ndoa alikufa 1869, mwenye miaka tisa. Kiti kikamwendea mwana wa nduguye, 1909.

Tena Albert, mjukuu mwingine wa Franz, alimwoa Victoria, malkia wa Uingereza, 1840. Binti yao alimzaa Wilhelm wa Pili, Kaisari aliyetawala huku kwetu. Mwana wao alimzaa George wa Tano, ambaye kwa jina lake Waingereza walitawala Tanganyika baadaye. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 wapagazi wetu walibebeshwa mizigo ya binamu hao wawili. Mwaka 1917, vita vikiwa bado, George akaliacha jina la Saxe-Coburg na Gotha, akajiita wa nyumba ya Windsor.