Kifaranga cha Kware Kikikwama Kwenye Yai

Yai limetobolewa tangu jana jioni, kifaranga kinalia ndani, na mkono unawasha kutaka kubandua ganda. Subiri kwanza. Vifaranga vingine hufia mikononi mwa wafugaji ilhali havikuwa vimekwama hata kidogo. Vilikuwa vimepumzika tu, na mapumziko hayo yana kazi yake.

Mayai ya kware wa kufugwa, yule mwenye asili ya Japani, huanguliwa siku ya 17 au 18. Kifaranga huanza kwa kutoboa utando wa ndani na kuingiza mdomo kwenye chumba cha hewa kilicho upande mpana wa yai, na hapo ndipo mapafu yanapoanza kazi. Kisha hupasua ganda kwa kijino kigumu kilicho kwenye ncha ya mdomo. Baada ya hapo kinatulia kwa saa nyingi, 12 au hata 24. Damu iliyokuwa ikizunguka kwenye mishipa ya utando hurudi mwilini, na kiini kilichobaki huvutwa ndani ya tumbo kupitia kitovu. Kazi hiyo ikikamilika, kifaranga hujizungusha, hukata ganda kwa duara na kusukuma kifuniko. Ukivunja ganda kabla ya wakati, mishipa inakatika ikiwa bado na damu, na kiini kinabaki nje ya tumbo.

Kwa hiyo lazima ujue tundu lilionekana saa ngapi. Ganda la kware lina mabaka meusi na alama ya penseli hupotea humo, basi andika saa kwenye karatasi na uibandike juu ya mashine ya kuangulia. Saa 24 zikipita bila tundu kuongezeka, yai linastahili kuangaliwa. Vivyo hivyo kama kifaranga kimekata nusu ya duara kisha kikasimama kwa saa kadhaa, au kama utando unaoonekana tunduni umekauka na kugeuka kahawia kama karatasi ya kaki. Utando wa namna hiyo umekibana kifaranga, hakiwezi tena kujigeuza. Angalia pia tundu liko wapi: likiwa upande mwembamba, kifaranga kimekaa vibaya na kiko mbali na chumba cha hewa, kwa hiyo kifuatilie kwa karibu zaidi.

Kabla ya kufungua mashine andaa kila kitu: mikono iliyooshwa, kibano safi, pamba ya masikio, maji ya uvuguvugu, kitambaa chenye unyevu na taa nzuri. Funga madirisha. Toa yai moja tu na ufunike mashine mara moja, kwani ukiiacha wazi unyevu unatoroka na unaweza kuvikausha na vifaranga vingine ambavyo havikuwa na tatizo.

Lishike yai ndani ya kitambaa. Anzia kwenye tundu, ubandue ganda vipande vidogo vidogo, ukifuata mstari wa chumba cha hewa. Ganda la kware ni jembamba lakini utando wake ni mgumu, hivyo ganda linaweza kutoka huku utando ukibaki mzima. Hilo ni jambo jema, kwa sababu sasa unaweza kuusoma. Upake maji kwa pamba, ukiepuka kabisa matundu ya pua, maana tone moja linatosha kukizamisha kifaranga. Ukilowa, utando huangaza na mishipa huonekana. Ukiona mistari myekundu, acha hapo hapo, rudisha yai kwenye mashine, uangalie tena baada ya saa mbili au tatu. Damu ikichuruzika, gandamiza kwa pamba safi mpaka ikome, nawe usiendelee. Kifaranga kinachofungua na kufunga mdomo kana kwamba kinatafuna nacho mara nyingi hakijamaliza kuvuta kiini, basi kiache.

Mishipa ikiwa imetoweka na utando ni mweupe, uchane taratibu kutoka mdomoni, ukitoa kichwa na shingo peke yake. Nusu ya chini ya ganda usiiguse. Kilaze kifaranga kwenye mashine kijisukume chenyewe, kwani kama kitovu hakijafunga, ganda hilo linakilinda. Ukikuta kiini bado kinaning'inia, usikivute wala usikikate. Weka kifaranga kwenye kikombe kidogo chenye karatasi laini iliyoloweshwa, ukirudishe kwenye joto.

Kikishatoka, kiache kikauke na manyoya yafumuke. Hakihitaji chakula haraka, kiini kilichomo tumboni kinakitosha kwa saa 24. Kwenye bruda, yaani boksi la joto la kulelea vifaranga, kitandikie kitambaa chenye mkwaruzo, si gazeti, maana juu ya gazeti miguu hupanuka na kulemaa. Jaza kokoto kwenye sahani ya maji, kwa kuwa kifaranga cha gramu saba au nane huzama hata kwenye maji ya kina kifupi.

Vingine vitakufa hata ukifanya yote haya sawasawa, kwa kuwa vilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Kinachopona kilee kwa nyama au mayai ya kula, lakini usikiweke kwenye kundi la kuzalisha.

Kukwama kwa yai moja ni jambo la kawaida. Mengi yakikwama katika mzunguko mmoja, weka kibano chini na ukague mashine. Joto liwe nyuzi 37.5 kwa mashine yenye feni. Unyevu uwe asilimia 45 hadi 55 mpaka siku ya 14, kisha acha kugeuza mayai na uupandishe hadi 65 au 70. Pima kwa kipimo cha pili unachokiamini, usitegemee kioo cha mashine peke yake, na siku tatu za mwisho usifungue kifuniko kwa sababu ya hamu ya kuchungulia.