SOMO: BAISKELI KUUKUU IRUDI KAZINI



Ukipita vijijini kwetu leo, hutakosa kuona baiskeli kubwa nyeusi imeegemezwa nyuma ya jiko, kuku wamelala juu ya keria. Ni ile ya vyuma vizito, magurudumu ya inchi 28 na breki za fimbo, ambayo watu wengi huiita Black Mamba. Zile za zamani sana zilitoka kiwanda cha Raleigh huko Nottingham, Uingereza. Nyingine nyingi zilitoka India. Ndizo zilizoanzisha boda boda kule mpakani Busia katika miaka ya 1960. Halafu pikipiki zikaenea katika miaka ya 2000, na baiskeli ikaonekana ni kitu cha wazee.

Sasa mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani yake. Mwenye baiskeli anapewa pesa ya sukari na majani, basi, imeenda. Sisi tunasema: ngoja kwanza. Tunakumbuka yule mtumishi aliyezika talanta yake ardhini. Talanta yako huenda imezikwa chini ya kutu.

Kikundi kimoja cha akina mama wanaouza maziwa walituletea shida yao. Kila asubuhi walilipa pikipiki ipeleke maziwa mahali pa kukusanyia. Mwisho wa mwezi, mweka hazina akipiga hesabu, faida imeliwa na nauli. Na kumbe kwa mwenyekiti kulikuwa na baiskeli ya marehemu mzee, haijaguswa miaka mingi. Walituuliza: je, inafaa kuitengeneza, au tutapoteza pesa? Somo hili ndilo jibu letu kwao, na kwenu pia.

1. KAGUA KABLA YA KUTOA SENTI

Osha baiskeli kwa maji na sabuni. Halafu ipeleke juani uitazame vizuri. Anza na fremu, kwa sababu vitu vingine vyote hununuliwa dukani lakini fremu ndiyo baiskeli yenyewe.

Tazama mahali mabomba yanapoungana, hasa chini ya usukani. Mstari mwembamba wa kutu uliokatisha rangi huenda ni ufa. Tazama fomu ya mbele, ile inayoshika gurudumu. Ikiwa imerudi nyuma, au rangi imejikunja chini ya usukani, baiskeli hiyo iligonga kitu. Fomu iliyopinda usiinyooshe kwa nyundo. Tafuta nyingine. Ikikatika mteremkoni, hakuna breki itakayokuokoa.

Fremu hizi ziliungwa kwa shaba ya manjano iliyoyeyushwa, na bomba lake ni jembamba. Mtu wa kuchomelea kwa umeme anaweza kulichoma likabaki dhaifu kuliko mwanzo. Kama ni lazima kuunga, tafuta fundi wa gesi anayejua kazi hiyo. Ikiwa ufa umezunguka nusu ya bomba, hiyo fremu mwachie mnunuzi wa vyuma bila huzuni, ila magurudumu na usukani mbaki navyo.

Halafu andika kwenye kitabu kila kitu kinachohitajika: tairi, tyubu, mnyororo, mpira wa breki, gololi. Tuma watu wawili waulize bei kwa maduka mawili. Jumlisha. Linganisha na nauli mnayolipa kwa miezi mitatu. Hapo mtajua wenyewe, bila kubahatisha.

2. FUNGUA POLE POLE

Mtahitaji spana, nyundo, bisibisi, brashi ya waya, mafuta taa, grisi na sahani kuukuu. Nati iliyoshika kutu itilie mafuta, uiache usiku mzima. Kesho itakubali.

Kumbukeni mambo matatu ambayo yameharibu baiskeli nyingi:

(a) Pedali ya kushoto haifunguliwi kama nati zingine. Unaizungusha upande ule ambao nati zingine hufungwa. Wengi hawajui, wanaikaza zaidi wakidhani wanafungua, mpaka krenki inakufa. Kile kikombe cha gololi kilicho chini ya fremu upande wa mnyororo nacho mara nyingi ni vivyo hivyo.

(b) Krenki zimeshikwa na kotapini. Legeza nati lakini usiitoe. Iache iwe sawa na ncha ya pini ili meno yasiharibike. Weka kipande cha bomba au gogo chini ya krenki, kikae ardhini imara. Halafu piga mara moja kwa nguvu. Ukigonga gonga kidogo kidogo, pini itapinda na haitatoka.

(c) Gololi zihesabu. Katika baiskeli nyingi za aina hii, gurudumu la nyuma lina 9 kila upande, la mbele 10, na ekseli ya krenki 11. Lakini hesabu zako mwenyewe, uziweke kwa sahani, watoto wasizichezee.

3. SAFISHA NA KUREKEBISHA

Gololi zioshe kwa mafuta taa. Zikiwa na madoa au zimepoteza mng'aro, nunua mpya kwa upande wote. Usichanganye mpya na nzee, kwa maana zile mpya ndizo zitakazobeba mzigo wote. Pakaa grisi mpya. Mafuta ya kupikia yataganda, na oili chafu ya gari ina mchanga wa chuma ndani yake.

Ukirudisha gurudumu, kaza koni hadi lisicheze kando, lakini lizunguke bila kukwama. Jaribu hivi: inua gurudumu, liachilie lenyewe. Likiwa sawa, litazunguka pole pole mpaka valvu ifike chini, kwa uzito wa valvu peke yake.

Mnyororo upime kwa rula. Nyoosha, weka alama ya sufuri katikati ya pini moja, halafu hesabu pini 24 mbele. Mnyororo mpya utasoma inchi 12 kamili. Ukisoma inchi 12 na moja ya nane, umekwisha. Usiuweke tena, utatafuna meno ya friwili.

Kutu iliyo juu ya rimu na usukani unaong'aa, isugue kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara iliyolowa maji. Itatoka, na ule mng'aro hautakwaruzwa. Rangi ya zamani ikiwa bado imeshika, iache. Piga msasa pale penye kutu tu, upake rangi hapo hapo.

Ukienda kununua tairi, beba ile ya zamani. Inchi 28 zina aina kadhaa. Tairi iliyoandikwa 28 x 1½ haitashika kwa rimu ya 700 ya zile baiskeli nyepesi za mitumba.

4. IBADILISHE IFAE KAZI YENU

Baiskeli hii iliundwa kubeba mtu kwa barabara ya kawaida. Nyinyi mnataka ibebe maziwa au maji kupanda mlima. Basi ibadilisheni, lakini kwa akili.

Friwili. Chukua baiskeli yenye meno 44 mbele na 18 nyuma. Kila ukizungusha krenki mara moja, gurudumu linazunguka karibu mara mbili na nusu, na unasonga kama mita 5 na nusu. Weka friwili ya meno 22. Sasa gurudumu linazunguka mara mbili tu, unasonga kama mita 4 na nusu. Utaenda pole pole zaidi, lakini mlima utapanda ukiwa umeketi. Gurudumu lisogezwe mbele kidogo. Mnyororo ukiwa bado mfupi, ongeza pingili mbili.

Keria. Nguzo zake zifike chini kwenye ekseli. Jerikeni mbili za lita 20 ni kilo 40, mbali na uzito wa jerikeni zenyewe. Zining'inie chini, moja kila upande. Mzigo wa juu huyumbisha baiskeli na kuvunja spoki. Kila wiki gusa spoki zote kwa vidole. Iliyolegea ikazwe kabla haijavunjika.

Bomba la juu. Hapa tunasema kwa uchungu. Kikundi kingine kilimkubali fundi akate lile bomba la juu ili akina mama wapande kwa urahisi. Ilikwenda vizuri siku chache. Siku ya soko, ikiwa na mzigo, fremu ilijikunja katikati, na mama mmoja alivunjika mkono. Bomba hilo si pambo. Kama mnataka baiskeli ya kupandwa na mwenye rinda, tafuteni fremu iliyoundwa hivyo kiwandani, au shusheni tandiko. Kukata, hapana.

5. BREKI: USIPUUZE HATA KIDOGO

Breki za fimbo huvuta mpira juu ukabana rimu kwa upande wa ndani. Kwa hiyo, ukibadilisha rimu kwa ya aina nyingine, breki hizo hazitafanya kazi. Mpira uliokauka ukawa mgumu kama jiwe, tupa. Nati zote za fimbo zikazwe. Na msisahau: rimu ya chuma ikilowa maji, breki hushika kidogo sana. Siku ya mvua, anza kufunga breki mapema, na kwa mteremko mkali shuka uisukume. Maziwa yakichelewa, yatauzwa kwa bei ya chini. Mtu akianguka, hatuna duka la kununua mwingine.

Kabla ya kubeba mzigo wowote, endesha baiskeli tupu kilomita chache, urudi ukaze kotapini tena. Weka kengele, kioo chekundu cha kuakisi nyuma na cheupe mbele.

Wale akina mama wa maziwa walikagua, wakakuta fremu ni nzima. Gharama yote ilikuwa chini ya nauli ya miezi miwili. Walichanga, wakampata fundi, na vijana wawili wa kikundi wakakaa naye kujifunza. Sasa kazi ndogo ndogo wanafanya wenyewe. Mwenyekiti alituambia jambo moja tu: kwamba akisikia kengele ile alfajiri, anamkumbuka mzee, na hasikitiki tena.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kijijini kwetu kuna baiskeli ngapi zimelala? Ni za nani, na mwenyewe atakubali mpango gani na kikundi?
2. Kila mwezi tunalipa nauli ya mizigo kiasi gani? Mweka hazina atusomee.
3. Nani atatunza baiskeli, na pesa ya matengenezo itawekwa wapi? Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
4. Ni vijana gani wawili tutakaowatuma kukaa na fundi?

Kwa mkutano ujao, kila mmoja aje na jibu la swali la kwanza. Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.