Kanuni za Watumishi wa Mabehewa ya Kulala

Nyumba yo yote ipokeayo wageni kwa malipo ina kanuni zake. Mgeni hamjui mtumishi, wala mtumishi hamjui mgeni. Lakini usiku ukiingia, mgeni hulala usingizi, na mizigo yake, hata uhai wake, vimo mikononi mwa mtu yule. Kwa hiyo kanuni huwekwa ili mgeni apate kumtumaini mtu asiyemjua. Je, kanuni hizo humfunga mtumishi peke yake, au humfunga na bwana wake pia? Habari ya watumishi wa magari ya moshi ya Marekani yatoa jibu.

Marekani ni nchi pana, na zamani safari ya gari la moshi iliweza kuchukua siku kadha wa kadha. Mwaka 1867 mtu mmoja jina lake George Pullman alianzisha kampuni ya mabehewa ya kulala. Kila behewa lilikuwa kama hoteli ndogo iendayo kwa magurudumu: mchana palikuwa na viti, na usiku viti viligeuzwa kuwa vitanda vyenye mashuka safi na mapazia. Utumwa ulikuwa umekomeshwa nchini humo mwaka 1865, na Pullman akawaandika watu weusi, wengi wao waliotoka utumwani karibuni. Kazi walizoweza kupata zilikuwa chache, nao wakaipokea hii kwa furaha.

Kampuni ilizipiga chapa kanuni zake katika kitabu, na kila mtumishi alipaswa kuzijua. Koti lake jeupe sharti liwe safi. Abiria wakilala, yeye hung'arisha viatu vyao. Abiria wa kushuka alfajiri aamshwe mapema, bila kugongewa wala kupigiwa kelele, ila kwa kulitikisa pazia lake taratibu. Hata kumpelekea abiria chupa ya bia kulikuwa na hatua 12, kila moja kwa zamu yake. Nyingi za kanuni hizi zilikuwa njema, na watumishi wakasifiwa kwa usafi na adabu yao.

Lakini palikuwa na kanuni nyingine. Blanketi la mtumishi lilikuwa la rangi ya buluu, na ya abiria yalikuwa ya rangi nyingine, ili yasichanganyike kamwe. Mtumishi alitazamiwa kufanya kazi yapata saa 400 kwa mwezi, au kusafiri maili 11,000, na saa za kulala njiani zilikuwa chache mno. Mwaka 1926 mshahara wa chini ulikuwa dola 67.50 kwa mwezi. Katika fedha hizo alijinunulia chakula na rangi ya viatu vya abiria, na taulo likipotea alilipa yeye. Basi alitegemea bakshishi, na mtu ategemeaye bakshishi hana budi kucheka hata anapotukanwa.

Tena hakuitwa kwa jina lake. Abiria wengi walimwita kila mtumishi “George,” jina la mwenye kampuni, kama vile zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mwaka 1926 kampuni ilianza kuweka katika kila behewa kadi yenye jina la mtumishi wa zamu. Ndipo ilipoonekana kwamba katika watumishi 12,000, walioitwa George kweli walikuwa 362 tu.

Tarehe 25 Agosti 1925, katika mji wa New York, watumishi waliunda chama chao. Wakamchagua A. Philip Randolph kuwa kiongozi, mtu ambaye hakuwa mtumishi wa mabehewa, ili kampuni isipate njia ya kumfukuza kazi. Kampuni ilituma wapelelezi, na waliojulikana kuwa wanachama wengi wao walifukuzwa. Mwaka 1928 walikusudia kugoma, kisha wakaahirisha. Wanachama wakapungua sana. Lakini waliosalia hawakukata tamaa, kwa maana haba na haba hujaza kibaba. Tarehe 25 Agosti 1937, baada ya miaka 12 kamili, kampuni ilitia sahihi mapatano nao. Saa za kazi zikawa 240 kwa mwezi, na mshahara ukaongezwa. Hapo kwanza ndipo kampuni kubwa ya Marekani ilipofanya mapatano na chama kilichoongozwa na watu weusi.

Kampuni hiyo iliacha kuendesha mabehewa ya kulala mwaka 1968, lakini fundisho lake halijapita. Mtumishi wa wageni anapaswa kuwa safi, mwaminifu, mpole wa maneno, na mwangalifu wa mali isiyo yake. Naye bwana anapaswa kumpa ujira wa haki, nafasi ya kupumzika, na heshima ya kuitwa kwa jina lake. Kanuni hizi za pili humfaa mgeni pia, kwa sababu mlinzi asiyelala siku tatu hawezi kuwalinda waliolala. Mizani yenye kitanga kimoja haipimi kitu. Na kanuni za upande mmoja si kanuni, ni mzigo.

MASWALI
1. Kwa nini nyumba za wageni huweka kanuni?
2. Taja kanuni moja njema ya kitabu cha kampuni, na moja isiyo njema. Eleza sababu zako.
3. Kwa nini watumishi walimchagua kiongozi asiyekuwa mtumishi mwenzao?
4. Kupumzika kwa mtumishi humfaaje mgeni?